Maganda ya Vitunguu

Ijumaa ya kwanza jua lilinitoroka.
Niliinua kichwa kutoka kwenye lenzi niliyokuwa naing'arisha,
saa kumi kasorobo alasiri, nikaona dirisha la karakana
limekwisha kuwa jeusi.
Kwetu Izmir saa hizo ni mchana mtupu,
mama bado anabishana na muuza biringanya.
Hapa Glasgow Sabato iliingia bila mimi.
Ilinikuta nikiwa na vumbi la kioo kwenye nyusi
na mishumaa miwili ndani ya soksi, chini ya sanduku,
chumba cha ghorofa ya tatu.

Jumatatu nikamwendea msimamizi, Bi Morag Tennant.
Nilikuwa nimeyakariri maneno usiku kucha.
Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja:
"Jua lenu huzama saa ngapi wiki hii?"
Akaiandika saa hiyo kwa chaki, juu ya mashine yangu.
Lenu, alisema. Sikumsahihisha.

Sinagogi niliikuta kwa kupotea.
Mlango wa pembeni, kengele, jicho la kamera,
na sauti ya mzee: "Nani?"
Nikasema, Suzet Alhadef.
Kimya.
"Alhadef wa wapi?"
Siku hizi milango yetu huuliza mara mbili;
hata kwetu ilikuwa hivyo, tangu sijazaliwa.

Ndani walikuwa watu kumi na saba na hita moja.
Waliimba zaburi ninazozijua
kwa nyimbo nisizozijua.
Nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumbani kwake
akakuta vitanda vimehamishwa:
naijua njia, nagonga magoti.
Mimi nasema Shabat, wao wanasema Shabes.
Bi Hetti Sorkin, mwenye kofia ya sufi, akaninong'oneza,
"Wewe fuata midomo, mwanangu. Masikio yatakuja yenyewe."

Mgeni siku mbili; ya tatu mpe jembe.
Sabato ya tatu walinipa viti vya kukunja,
arobaini, vizito, vya chuma, vinavyobana vidole.
Nikavipanga. Nikabanwa.
Nikatukana kwa Kihispania cha bibi yangu
na Bwana Lurie akacheka hadi akakohoa,
maana tusi, alisema, halihitaji mkalimani.

Basi wiki ile nikaamua kupika mayai.
Mayai yetu ya Sabato hulala jikoni,
usiku mzima kwenye moto mdogo,
na maganda ya vitunguu, mafuta kidogo, pilipili manga,
mpaka yawe na rangi ya viatu vilivyopigwa kiwi.
Lakini maganda nitayatoa wapi, mimi mla kitunguu kimoja kwa wiki?
Nikaenda duka la kona, kwa Bwana Iftikhar.
"Vitunguu kilo ngapi?"
"Vitunguu sitaki. Nataka nguo zake."
Akanitazama. Akaliinamia kreti,
akakomba kwa viganja vyote viwili,
akanijazia mfuko.
"Takataka hailipiwi," alisema. "Ila uniletee nionje."

Bi Hetti alilimenya lake kama anayefungua barua.
Akatafuna. "Limeungua?"
"Hapana."
"Mm." Akachukua la pili.
Bwana Lurie hakula; alisema daktari.

Sasa ni Juni, na jua limenigeukia:
lile lililokuwa likinikimbia, leo haling'oki.
Mama alinipigia kabla hajawasha mishumaa yake.
"Wewe unawasha saa ngapi?"
"Saa nne kasorobo."
"Za usiku?"
"Za usiku, mama."
Nikasikia kiberiti kikitikiswa upande wa pili.
"Kwani jua la huko halina kwao?"
Lina, nilimwambia. Huchelewa tu kurudi.

Nikarudi kwenye sufuria.
Maji yalikuwa yameanza kushika rangi.
La Bwana Iftikhar nililiwekea alama ya penseli.